Alhamisi ya Taifa

Nchi yenyewe ipo, ila usihangaike kuitafuta kwenye ramani. Ramani zake zote zilikusanywa ili zirekebishwe, na warekebishaji bado wako kwenye chai. Itoshe kusema kwamba ni nchi ya amani tele, ambako kila mtu ameridhika, na asiyeridhika husaidiwa kuridhika. Katika mji wake mkuu, nyuma ya soko la mitumba, aliishi mwanamke mmoja aitwaye Siwema, mwenye kiduka cha kuchapa barua, kudurufu vyeti na kupiga picha za paspoti. Alikuwa na kompyuta moja, printa moja inayokohoa, na mume mmoja aliyekuwa jela.

Mume huyo, Mwalimu Hoza, alikuwa mhalifu wa kutisha. Siku Mtukufu Rais alipohutubia taifa uwanjani, walimu waliamriwa kuwapanga watoto juani tangu alfajiri. Mchana, mtoto mmoja wa darasa la pili akaanguka na kuzimia, kisha mwingine, na hotuba ilikuwa bado iko kwenye salamu. Mwalimu Hoza akamwinua yule wa kwanza begani, na wakati akimwinua akafanya kitendo ambacho wakili wa serikali alishindwa kukitaja mahakamani bila kufuta machozi. Alitazama saa yake ya mkononi.

Shitaka liliandikwa kuwa ni kuupima muda wa Rais bila kibali. Hakimu, mtu wa huruma, alimpa mwaka mmoja na nusu tu. Siwema alihesabu kwa vidole vyake mle mle mahakamani, akaona kwamba mumewe atatoka siku ya Jumatatu, mvua za vuli zikiwa zimeanza. Akajifunga kibwebwe kusubiri. Kila Jumapili, ambayo ndiyo siku ya kuwaona wafungwa, alipeleka samaki wa kukaanga na chupa ya uji wa pilipili manga, akaongea na mumewe kwa kupokezana na kelele za wengine kwenye wavu. Hivyo ndivyo walivyoendelea mpaka miezi ikabaki michache, na pengine wangemaliza salama, kama Mtukufu Rais asingewekewa kompyuta mezani.

*

Kisa hiki kilisimuliwa na gazeti la serikali, ambalo halijawahi kukosea, chini ya kichwa cha habari kuhusu uangalifu wa Kiongozi. Mtukufu Rais aliingia ofisini kwake saa tatu asubuhi, akiwa ameshiba vizuri. Akawashiwa mashine. Kwenye kona ya kioo akaona tarakimu ya tisa.

"Saa tisa!" akapiga kelele. "Yaani nimeshakosa chakula cha mchana?"

Wasaidizi walikimbia huku na huku. Mmoja akaanza kulia. Ndipo akaitwa fundi wa mitambo ya Ikulu, Bwana Makapi, naye akaeleza, huku amepiga magoti, kwamba mashine ile inahesabu saa kizungu, kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo tisa yake ndiyo saa tatu yetu, na chakula cha mchana bado kiko jikoni kinaiva.

"Na nani kaiambia hivyo?"

"Inauliza, Mtukufu. Kila inapowashwa, kabla haijafanya jambo lolote, inapita kwenye mtandao inakwenda kuuliza saa ngapi. Huko iko saa kubwa. Ikishajibiwa inajirekebisha, ndipo inaanza kazi."

"Huko wapi?"

"Ng'ambo, Mtukufu."

Gazeti linasema ukimya ulitanda mpaka akasikika nzi akinawa mikono.

"Kumbe," akasema Mtukufu Rais polepole, "kila asubuhi mashine za nchi hii, nchi iliyopata uhuru wake kwa jasho, zinaamka na kuwauliza wageni saa ngapi, hata kabla hazijanisalimia mimi!"

Kabla jua halijachwea Wizara ya Wakati ilikuwa imeundwa, na waziri wake alikuwa Mheshimiwa Makapi, ambaye magoti yake hayajapona hadi leo. Ikatengenezwa Saa ya Taifa, ikawekwa ndani ya kabati la kioo katika chumba cha kulala cha Rais. Ikapitishwa sheria kwamba kila kompyuta nchini, iwe ya benki, ya hospitali, ya jela au ya kiduka nyuma ya mitumba, ikiwashwa iulize saa Ikulu na si kwingine. Saa itakayosomeka kwenye kioo ndiyo saa ya kweli, na anayeibishia anakwenda jela.

Mwanzoni haikuwa mbaya sana. Siwema akifika dukani anawasha mashine, bendera inapepea kwenye kioo, na chini yake maandishi: INAULIZA SAA IKULU. TAFADHALI SIMAMA WIMA. Yeye husimama, na wateja husimama, mikono ubavuni, hata aliyekuja kudurufu cheti cha ubatizo. Mara nyingine jibu lilikuja upesi. Mara nyingine Mtukufu alikuwa amelala, na saa haiwezi kuamka kabla ya mwenyewe, basi watu walisimama mpaka miguu ikavimba, jua likiwa utosini, ndipo mashine ikalia ting, ikatangaza kwamba kumepambazuka.

*

Matatizo yalianza kwa sababu ya katiba. Katiba ya nchi hiyo ilisema kwamba kipindi cha Rais kinakwisha siku ya Ijumaa fulani, adhuhuri. Watu wasio na subira walipendekeza ibadilishwe. Mtukufu Rais alikasirika sana. Alisema, na maneno hayo yakachorwa ukutani mwa posta, kwamba katiba ni takatifu na yeyote atakayeigusa atakatwa mkono.

Kwa hiyo katiba haikuguswa. Iliguswa saa. Ilipofika Alhamisi, ile ya kuamkia hiyo Ijumaa, Saa ya Taifa ilizunguka vizuri mpaka usiku, kisha ikarudi mwanzo wa Alhamisi. Kesho yake ilikuwa Alhamisi. Siku iliyofuata, vilevile.

Masheikh na mapadri waliitwa Wizarani, wakanyweshwa chai, wakaambiwa kila mmoja asali kimyakimya siku anayodhani. Wafanyakazi waliambiwa wafurahi, kwa kuwa wikiendi huleta uvivu. Redio ilitangaza mafanikio. Tangu Alhamisi iingie, hakuna mwananchi aliyezeeka. Hakuna dawa iliyoharibika katika hospitali yoyote ya umma, maana tarehe za kuharibika zote zilikuwa mbele. Wanawake waliofika wodini wakiwa na uchungu waliambiwa kwamba kwa mujibu wa mashine siku zao hazijatimia, wakazaa kwenye mabenchi ya nje, na hawakuingia kwenye takwimu.

Siwema alilijua jambo hili kwa pua. Alinunua maziwa ya pakiti dukani kwa jirani, akayafungua, yakatoka mapande ya kijani yenye harufu ya soksi za askari. Akayarudisha.

"Mama, haya ni mapya," jirani akasema, akielekeza kwenye mashine ya kuuzia, huku macho yake yakimwomba asiendelee. "Ona, mashine imeyakubali."

Nyuma yake alikuwapo mteja mwingine, mtu mzima aliyefunga tai. Akachukua pakiti ileile, akanywa funda moja mbele ya kila mtu, akafuta kijani mdomoni, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Matamu!" Siwema akatoka nje mbio akatapika mferejini. Alipoinua kichwa aliona mfereji mzima umejaa matapishi ya wengine waliokwisha kusema matamu.

*

Jumapili aliyoihesabu kwa jua ilipofika alikwenda gerezani na samaki wake. Sajini Malugu, askari wa lango, alikuwa mtu mnene mpole aliyezoea kupewa mkia wa samaki. Safari hii alitikisa kichwa.

"Shemeji, leo Alhamisi. Wafungwa wanaonwa Jumapili."

"Afande, Jumapili ni leo. Wewe mwenyewe unajua."

"Najua kinachosemwa na kioo." Akashusha sauti. "Nenda nyumbani. Usinitie matatani."

Jua likaendelea kuzunguka, na samaki wakaendelea kurudi nyumbani. Mvua za vuli zikanyesha, zikaanza kupungua. Ile Jumatatu ya kutoka ikapita huko nje angani bila kushuka duniani. Siwema alikuwa langoni siku hiyo tangu asubuhi, amevaa gauni la harusi ya mdogo wake na kanga mpya ya kumtanda mumewe. Sajini Malugu alisimama wima mbele ya kompyuta yake ya kizee mpaka ikajibiwa, akasoma, akakunja uso.

"Mfumo unasema atatoka Jumatatu."

"Lini Jumatatu?"

"Baada ya Jumapili, shemeji." Kisha akamsogelea kwenye wavu. "Sikufichi. Mwalimu anakohoa sana. Zahanati ya humu ina dawa, lakini ukimpa mtu anaharisha siku mbili. Kama una mtu mkubwa unayemjua, mwone."

Siwema hakumjua mtu mkubwa yeyote. Kwa hiyo alikwenda kwa aliye mkubwa kuliko wote katika mambo ya saa.

Wizara ya Wakati ilikuwa jengo refu lisilo na saa hata moja ukutani. Watu walikaa sakafuni ukumbini, wengine na mikeka. Katibu muhtasi alikuwa akipaka rangi ya kucha.

"Njoo kesho," akamwambia Siwema bila kuinua macho.

"Kesho ipi, dada?"

"Hiyohiyo wanayokuja wenzako."

Alikwenda siku tisa za jua, akaambiwa aje kesho mara tisa. Lakini kitu kimoja katika wizara ile hakikuchelewa kamwe, nacho ni chakula cha mchana cha katibu muhtasi. Siku ya kumi Siwema alimsubiri ainuke, akasukuma mlango wa ndani, akaingia.

Mheshimiwa Makapi alikuwa anakula. Kuku mzima alikuwa amelala juu ya mafaili, miguu juu, na mafuta yalikuwa yametiririka mpaka kwenye vitufe vya kompyuta, yakaganda meupe. Vidole vya Waziri viling'aa. Unywele mmoja wa ndevu zake ulishika punje ya wali iliyokuwa ikicheza kila alipotafuna.

"Nani kakuruhusu?"

"Nimekuja kuhusu mume wangu, Mheshimiwa." Akaeleza yote, haraka, kabla hajatolewa.

Waziri alimsikiliza hadi mwisho, kwa kuwa mdomo ulikuwa umejaa. Kisha akameza, akajifuta kwa pazia, akasimama. Alikuwa mmoja wa wale ambao wakisimama ni lazima wahutubie.

"Mama yangu mpendwa! Serikali hii sikivu haijamfunga mumeo hata siku moja ya ziada. Tungefanya hivyo tungekuwa wanyama! Amehukumiwa mpaka Jumatatu, na Jumatatu ikifika, naapa mbele yako, mimi mwenyewe nitamfungulia. Sasa niambie. Nani amekudanganya kwamba Jumatatu imepita?"

"Jua, Mheshimiwa."

"Jua si mtumishi wa umma," akasema Makapi kwa upole. "Halikuapishwa. Halina namba ya ajira. Linatoka huko huko ng'ambo, linapita kwetu, linakwenda zake. Wewe mwanamke mwenye akili timamu utaliamini jua, uache kumwamini Rais wako?"

"Mume wangu anakohoa damu."

"Ni ugonjwa wa Alhamisi. Utapita." Na hapo, kwa mazoea, akavuta mkono wa koti kidogo, akachungulia. Siwema akaiona. Saa ya dhahabu, nene, inatembea vizuri, na katika kidirisha chake kidogo siku ya kweli ya mwezi wa kweli. Waziri akagundua kwamba ameonwa. Akaushusha mkono wa koti taratibu, akatabasamu, punje ya wali ikatabasamu naye.

"Umeona nini, mama?"

Siwema akahamishia macho kwenye kuku.

"Safi sana. Kwa kuwa hukuona kitu, chukua paja." Akamnyooshea kipande cha kuku, kikiwa na alama za meno yake. "Chukua. Msije mkasema viongozi hatugawani na wananchi."

Mafuta yalidondoka kwenye kiatu chake. Siwema alihisi maziwa ya kijani yakimpanda tena kooni, ingawa siku nyingi zilikuwa zimepita. Akageuka, akatoka bila kuaga, akapita katikati ya watu wa mikeka, na mkono wa kulia aliuning'iniza mbali na mwili njia nzima kana kwamba amelipokea lile paja.

*

Sasa ikatokea kwamba jino la Mtukufu Rais likaanza kuuma. Hospitali za nchi hiyo ni bora kabisa, lakini Rais, kwa unyenyekevu wake, hakutaka kuchukua nafasi ya mwananchi, akaamua kutibiwa ng'ambo. Saa ya Taifa haiwezi kutenganishwa na mwenyewe. Basi ilichomolewa ukutani, ikafungwa mablanketi, ikapandishwa ndegeni kwenye kiti cha daraja la kwanza. Hakuna aliyethubutu kuuliza mashine zitamuuliza nani.

Kesho yake asubuhi Siwema alikuwa langoni tena. Hakuja kwa matumaini. Alikuja kwa sababu miguu ilishazoea. Sajini Malugu aliwasha kompyuta, wote wakasimama wima, yeye ndani na Siwema nje ya wavu. Bendera ikapepea. Mashine ikauliza saa Ikulu. Ikauliza tena. Bendera ikaganda, nusu yake ikapotea, kisha kioo kikawa cheusi, kikarudi.

Mashine nyingine za mjini zilipokosa jibu zilijitegemea, kila moja ikiwa na kibetri chake kidogo cha kukumbuka saa. Lakini hii ya gereza ilikuwa kongwe, na kibetri chake kilikufa zamani. Ilipokosa wa kumuuliza ilirudi kwenye tarehe pekee iliyokuwa imebaki ndani yake, ile iliyotoka nayo kiwandani.

Sajini Malugu akasoma. Akafikicha macho, akasoma tena. "Mungu wangu."

"Kuna nini, afande?"

"Kioo kinasema ni miaka ishirini na moja iliyopita." Akabonyeza hapa, akabonyeza pale, jasho likimtoka. "Nikifungua orodha ya wafungwa, hamna anayetumikia kifungo. Wote hawajakosa bado. Mumeo huyu hapa, hukumu yake haijaanza. Mimi mwenyewe kwa tarehe hii niko darasa la sita. Na Mtukufu Rais alikuwa..." Akajiziba mdomo kwa viganja viwili.

Siwema akaushika wavu. Aliielewa hatari na aliielewa bahati, zote kwa mkupuo. "Afande, sheria inasema nini kuhusu kioo?"

"Kinachosomeka ndiyo kweli."

"Na anayebisha?"

"Anakwenda jela."

"Basi wewe unabisha?"

Sajini Malugu akamtazama kama mtu aliyeonyeshwa nyoka ndani ya kiatu chake. Akakimbia kumwita Mkuu wa Gereza. Mkuu akaja na kijiko cha chai mkononi, akasoma, rangi ya uso wake ikabadilika mara tatu. Kusema mashine imekosea ni kosa. Kuizima na kuiwasha ni kuishuku, na kuishuku pia ni kosa, yeye mwenyewe alishawahi kufunga mtu kwa hilo.

"Mimi sijasema kitu," akasema hatimaye. "Lakini naona humu ndani mna raia mia nne wasio na hatia, walioingia eneo la serikali bila kibali. Aibu gani hii! Watoeni upesi."

Waliwatoa kwa virungu, kama wavamizi. Wengine hawakutaka kutoka, wakadhani ni mtego. Harufu ilitangulia mbele yao langoni, ya mkojo na upele na magodoro yaliyooza. Mwalimu Hoza alitoka karibu wa mwisho, akishikilia suruali kwa mkono mmoja. Kichwa kilikuwa kimebaki kikubwa, mwili ukiwa wa mtoto. Siwema alitaka kukimbia kumkumbatia, lakini pumzi ilimkatika kwa ile harufu, akajichukia kwa hilo, ndipo akakimbia.

"Mwalimu."

"Siwema? Leo Jumatatu?"

"Tembea tu."

"Mpeleke mbali," Sajini Malugu akanong'ona. "Ndege inarudi leo mchana. Ile saa ikichomekwa nitaamriwa niwashe upya."

*

Wangefika kituo cha mabasi ya kwenda kwa mama yake Hoza, bara, kama barabara kuu isingefungwa. Jino lilikuwa limeng'olewa salama, na msafara ulikuwa unatoka uwanja wa ndege. Askari waliwasukuma watu pembeni. Ving'ora vikalia. Watu wote, wenye mizigo na wasio na mizigo, wakageukia barabara, wakaanza kupiga makofi kabla hata ya kuona gari.

Siwema alikuwa amemshika mumewe mkono. Aliuhisi ukiteleza. Alipogeuka, Hoza amenyooka wima, suruali imeachiwa ikashuka mpaka nyongani, kifua kinaruka kwa kikohozi, naye anapiga makofi. Hakuwa akijilazimisha kama wengine. Alipiga kwa bidii, viganja vyake vikavu vikitoa sauti ya mbao, na usoni amevaa tabasamu ambalo Siwema hakuwahi kuliona katika miaka yote ya ndoa. Lilikuwa tabasamu la yule mtu wa tai dukani.

"Piga, Siwema," akamwambia huku amebana meno. "Piga, wanatuona. Ukipiga hawakufanyi kitu. Nimejifunza."

Kile kichefuchefu alichokibeba tangu kwa Makapi kilimjaa mpaka puani. Safari hii hakuwa na mfereji wa kukimbilia. Gari la kwanza lilipita, askari wakiwa wamening'inia na bunduki, mmoja wao akihesabu nyuso. Siwema hakupiga makofi. Akamsogelea mumewe, akaikamata mikono yake miwili kwa nguvu, akaibana pamoja kifuani pake, kama unavyombana mtoto mwenye tetekuwanga asijikune.

"Niachie," Hoza akasema. "Watatuona."

"Watuone."

Mikono ilipigana naye kidogo. Kisha ikalegea, ikawa mizito na ya moto ndani ya mikono yake. Askari kwenye gari la pili aligeuza shingo kuwatazama, wawili peke yao waliotulia katika umati wote ule. Siwema akamtazama naye, bila kuteremsha macho. Msafara ulikuwa mrefu, magari bado yalikuwa yakitokeza kule kwenye kona.